Sista Rudia, Aliyekaa Upande wa Kichwa

Mama tunayemsindikiza leo alifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini akiogopa, na kwa miaka mingi kati ya hiyo akiwa na hakika kwamba siku moja mlango ungefunguliwa, angeingia mtu asiyemjua, na kusema mbele ya wote kwamba kumetokea makosa, huyu siye tuliyemtaka, avue koti atoke. Familia imeona jambo hili litangulie kwa sababu ndivyo alivyoagiza mwenyewe. "Msije mkasimama pale mkasema nilikuwa jasiri," alimwambia binti yake muda mfupi kabla ya kufariki. "Walionijua watacheka, na mimi sitakuwepo kujitetea. Semeni niliogopa. Kisha semeni nilikwenda kazini."

Alizaliwa Jumamosi, tarehe 14 Juni 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa nne wa baba kinyozi na mama aliyefua nguo za watu. Baba alinyolea barazani, kwenye kiti cha mbao chenye mgongo ulioinama, na kazi ya binti huyu ilikuwa kushika kioo. Alikishika vizuri mpaka wembe ulipofika kooni mwa mteja. Hapo alifumba macho, mkono ukalegea, na mteja akabaki kutazama dari.

"We mtoto," baba alimwuliza siku moja, "anayenyolewa katulia, mimi ninayenyoa nimetulia, wewe mshika kioo ndiye unayetokwa jasho?"

"Na ukipiga chafya, baba?"

Baba akaendelea kunyoa. Lakini tangu siku hiyo hakuvuta ugoro tena mpaka afunge kazi, na mteja mmoja wa zamani alikuwa akisimulia kwamba ni hapo tu, baada ya miaka mingi ya kunyolewa pale, alipoanza kuogopa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikoingia mwaka 1973. Hakuwa mwanafunzi mbaya. Tatizo lake lilikuwa kifutio. Aliandika jibu sahihi, akalitazama, akalitilia shaka, akalifuta, akaandika lingine. Mwalimu wake wa baiolojia alimwekea karatasi ya mtihani mezani akamwambia, "Hapa kuna kivuli cha jibu zuri. Wewe unajua, binti, ila hujui kama unajua." Siku ya mtihani wa mwisho mwalimu huyohuyo alimwomba kifutio chake mlangoni mwa darasa, akakitia mfukoni, akaondoka nacho. Alifaulu, naye akaamini mpaka uzeeni kwamba aliyefaulu ni mwalimu.

Mwaka 1977 alijiunga na chuo cha uuguzi, na mwaka 1980 akapangiwa wodi ya upasuaji katika hospitali kuu ya mji. Ni katika miaka hiyo alipokutana na mumewe. Alikwenda kwa fundi makufuli na kufuli la kabati la dawa, ambalo alidai halifungi. Fundi akalijaribu, likafunga. Akaondoka nalo. Kesho yake akarudi. Fundi akalitia mafuta, akalifunga, akalivuta kwa mikono miwili mbele yake. Wiki haikuisha akarudi tena.

"Dada," fundi akasema, "kufuli hili ni zima kuliko mimi. Kama unataka kuniona, sema tu, usilisingizie."

"Nataka kujua kama limefungwa."

"Limefungwa. Wewe ndiye hujafungwa."

Alikasirika, akatoka, akafika njia panda, akajikuta anacheka peke yake. Walioana tarehe 9 Aprili 1983. Mzee wetu huyu, aliyeketi hapa mbele leo, alikuwa akisema kwamba katika miaka arobaini ya ndoa hakuwahi kulala nyumba isiyokaguliwa milango mara mbili, na kwamba kwa fundi makufuli hiyo ni dharau, lakini ni dharau aliyoizoea.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapo ndipo penye maisha yake yote.

Mwaka 1985 hospitali ilipata nafasi moja ya kumpeleka muuguzi kusomea dawa ya usingizi. Alichaguliwa mwenzake wa wodi ya watoto. Siku chache kabla ya safari mwenzake yule akaghairi, mume wake amehamishwa kikazi. Metroni, mkuu wa wauguzi wote, akamsimamisha marehemu kwenye ujia akiwa amebeba beseni la bandeji.

"Jumatatu utapanda basi wewe."

"Nimechaguliwa mimi?"

"Mwenzako amekataa. Nafasi hailali bure."

Hayo tu. Metroni akaendelea na safari yake. Yule dada akabaki pale na beseni lake, na maneno mawili yale yakamwingia kama mwiba wa samaki. Mwenzako amekataa. Alisoma mwaka mmoja na nusu, akafaulu vizuri, akarudi na cheti, akapewa koti la kijani. Lakini kila alipolivaa alihisi ni la mtu mwingine, na kwamba mwenyewe yuko njiani anakuja kulidai.

Asiyeijua kazi hii na aelezwe kidogo. Daktari wa upasuaji husimama ubavuni mwa mgonjwa, na ndiye anayeletewa shukrani. Mtu wa nusukaputi hukaa upande wa kichwa. Humlaza mgonjwa, humpumulia ikibidi, huweka kidole mbele ya sikio lake kusikiliza mshipa unavyopiga, kisha humrudisha. Mgonjwa akiamka hamkumbuki. Mambo yakienda vizuri hakuna anayejua kama alikuwepo. Yakienda vibaya, yeye ndiye wa kwanza kujua, na kwa muda fulani mrefu sana ndiye peke yake anayejua.

Muda ule ndio uliomtisha. Aliuota akiwa macho, akisubiri basi, akimenya vitunguu, akimfunga mtoto viatu. Aliona midomo inageuka rangi. Alisikia mtungi wa oksijeni ukinyamaza. Kila asubuhi aliingia chumba cha kubadilishia nguo kabla ya wenzake, akafungua bomba la maji ya moto, akaiweka mikono yake hapo mpaka mtetemeko utulie. Wenzake walidhani ni usafi. Wakamsifu kwa usafi, na sifa hiyo nayo akaiweka kwenye fungu la vitu alivyovipata kwa udanganyifu.

Katika woga huo ndipo lilipozaliwa jina alilojulikana nalo mjini kote. Alipovuta dawa kwenye bomba la sindano aliitaja kwa sauti, jina na kiasi, kisha akamgeukia msaidizi wake. "Rudia." Msaidizi alipaswa kuisoma chupa kwa macho yake mwenyewe na kuitaja upya. Mtungi ukifunguliwa, rudia. Mgonjwa akiingizwa, jina lake, na kilichomleta, na upande wa mwili, rudia. Hakuibuni desturi hii kwa kuwa alijua kuliko wengine. Aliibuni kwa sababu hakujiamini hata chembe, na alitaka daima iwepo sauti ya pili chumbani isiyokuwa yake.

Daktari mkuu wa upasuaji, ambaye wauguzi walimwita Bwana Mkasi nyuma ya mgongo wake na wakati mwingine mbele ya uso wake, hakuipenda.

"Sista, hapa ni hospitali au darasa la kwanza?"

"Hospitali, daktari. Mguu upi?"

"Wa kushoto. Nimeshasema."

"Rudia."

"Wa kushoto, Sista Rudia. Wa kushoto, wa kushoto, wa kushoto. Nikuimbie?"

"Inatosha, daktari. Ahsante."

Watu wakacheka, jina likashika. Alilipokea kwa tabasamu la kujikaza kisabuni. Ndani alijua kinachokuja: siku moja watauliza ni kwa nini huyu peke yake anahitaji kurudiwa.

Mwaka 1991, saa za mchana, umeme ulikatika wakati Bwana Mkasi amefungua tumbo la mama mjamzito. Jenereta ikakohoa ikafa. Pazia zikafunguliwa, lakini nje mvua ilikuwa imeleta giza, tochi ikaletwa, na kwa muda wote uliobaki Sista Rudia alimpumulia mama yule kwa mkono, akiubana na kuuachia mfuko wa mpira, kidole cha mkono wa pili kikiwa mbele ya sikio. Aliongea taratibu. Alimwambia aliyeshika tochi aisogeze, akamwambia Bwana Mkasi mshipa unakwenda vizuri, endelea. Mama akaamka, mtoto akalia. Bwana Mkasi akavua glavu akasema, kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika maisha yao ya kazi, "Umefanya vizuri."

Mtu mwingine angeirudia nyumbani sentensi hiyo kwa furaha. Yeye alirudi nayo kama mtu aliyebeba mzigo wa magendo. Mumewe alimkuta ameketi jikoni, sufuria haijawekwa motoni bado.

"Kuna mtu amekufa?"

"Hapana. Wamenisifu."

"Sasa mbona umekaa kama msiba?"

"Kadiri wanavyoniinua," alisema, "ndivyo nitakavyoanguka kutoka juu."

Kilichomshangaza, na alikuja kukieleza miaka mingi baadaye, ni kwamba mle gizani, mfuko mkononi, hakuwa ameogopa. Woga ulikuwa umemsubiri nje ya mlango, ukamdaka alipotoka. Hakujua aelewe nini katika jambo hilo, akaliacha.

Ikafika mwaka 1994. Mwalimu mkuu wa shule moja ya mjini alilazwa afanyiwe upasuaji wa ngiri. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyekuja na gazeti lake. Asubuhi hiyo alikuwa amefunga kula kama ilivyoagizwa, na alikuwa na hasira za njaa. Sista Rudia akaweka kipimo cha kusikilizia kifuani mwake. Akasikia kitu. Kama mluzi, mbali, chini ya mbavu za kulia. Akasikiliza tena, ukapotea. Akasikiliza tena, akadhani umerudi.

"Daktari, sitamlaza."

Bwana Mkasi alikuwa ameshanawa, mikono juu, inadondoka maji. "Unasemaje?"

"Kifua chake sikiamini. Kuna mluzi."

Akasikiliza daktari. "Hakuna kitu."

"Nausikia."

"Sasa hivi unausikia?"

Akasita. Hiyo ndiyo sehemu aliyokuwa akiisimulia taratibu kuliko zote. "Sina hakika," alisema. "Kwa hiyo sitamlaza."

Mwalimu mkuu mezani akatazama taa. Bwana Mkasi akashusha mikono. Mgonjwa akarudishwa wodini. Ijumaa akaja daktari bingwa wa vifua kutoka hospitali ya rufaa, akampiga picha, akamgongagonga mgongo, akamsikiliza mbele na nyuma. Kifua kilikuwa kizima. Hakikuwa na mluzi, wala hakijawahi kuwa nao. Sista Rudia alikuwa amekosea.

Mlango aliousubiri tangu mwaka 1985 ulikuwa umefunguliwa. Hospitali nzima ilijua kabla ya chakula cha mchana. Msafishaji akipita na fagio alipiga mluzi mdogo. Kwenye foleni ya chai mtu aliuliza kama birika limepimwa kifua. Bwana Mkasi hakutania, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia tu, "Mtu amekaa njaa bure, chumba kimekaa bure, na mimi nimenawa bure," akapita.

Alikwenda ofisini kwa metroni, yuleyule wa beseni la bandeji, sasa mtu mzima mwenye miguu ya kuvimba aliyeweka visigino vyake juu ya kiti cha pili.

"Naomba kurudi wodini, mama."

"Kwa nini?"

"Nimekosea."

"Nimesikia. Mgonjwa yuko wapi?"

"Wodini."

"Anafanya nini?"

"Anakula."

"Basi," metroni akasema. "Wapo niliokwenda kuwaona baada ya kosa la mtu wa usingizi, na hawakuwa wanakula."

Sista Rudia hakukaa. Alisema kile ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe: kwamba nafasi ile tangu mwanzo haikuwa yake, kwamba alikaa kwenye kiti cha mwenzake, kwamba miaka yote tisa alikuwa akingoja wagundue, na sasa wamegundua.

Metroni akamtazama. "Mwenzako yupi?"

"Aliyechaguliwa. Wa wodi ya watoto. Aliyeghairi."

"Kulikuwa na mtu mwingine?" Metroni akakunja uso, akajitahidi kweli kukumbuka. "Huyu mrefu? Au yule wa meno? Hapana, wa meno alikwenda ukunga. Mwanangu, nimepeleka watu masomoni mpaka nimechoka, unataka nimkumbuke ambaye hakwenda?"

Inasemekana marehemu aliketi bila kukaribishwa.

"Nikuulize na mimi," metroni akaendelea. "Mwalimu yule alipokuwa mezani, ulikuwa unamwogopea yeye au unajiogopea mwenyewe?"

"Yeye."

"Na leo, hapa?"

Metroni akashusha miguu yake mmoja mmoja, akanyoosha mgongo. "Ya kwanza ni kazi, nakulipa mshahara kwa ajili yake. Ya pili ni mambo yako, ukafanyie nyumbani. Jumanne mwalimu anarudi mezani. Utakaa wewe upande wa kichwa."

Binti yake aliwahi kumwuliza ni siku gani aliyoogopa kuliko zote, akitarajia atamtajia tochi na giza. Akamtajia Jumanne ile. Mikono haikutulia kwenye maji ya moto, akaifuta ikitetemeka akaingia nayo. Watu walikuwa wengi chumbani kuliko ilivyohitajika. Mwalimu mkuu akamtambua licha ya barakoa.

"Sista, ni wewe tena?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Leo kifua kimekupendeza, au nirudi nikale?"

"Pumua nisikie."

Akaweka kipimo. Na hapo, alisema, ndipo alipoelewa hatari iko wapi. Haikuwa masikioni mwake. Ilikuwa katika aibu yake. Aibu ilikuwa imesimama nyuma yake ikimnong'oneza asisikie kitu, safari hii kwa vyovyote asisikie kitu, hata kama kipo. Mtu anayeona aibu, mgonjwa anaweza kumfia mikononi akiwa bado anasema kila kitu ni sawa. Akaondoa kipimo, akapumua yeye mwenyewe, akakirudisha. Kulia, chini, mgongoni. Bwana Mkasi alikuwa akigonga kidole kwenye ukingo wa meza. Akamwacha agonge. Akasikiliza kama hajawahi kukosea na kama atakosea tena, akasikia hewa ikiingia na kutoka katika kifua kizima cha mtu mnene mwenye njaa.

"Sawa," akasema. "Daktari, ngiri ya upande upi?"

Kila mtu akangoja.

"Wa kulia," Bwana Mkasi akasema. Kisha, bila kuambiwa, huku akivaa glavu, "Wa kulia."

Mwalimu mkuu aliamka salama akauliza gazeti lake liko wapi. Bwana Mkasi hakuomba radhi wala hakumsifu tena, lakini mpaka anastaafu alikuwa akitaja kila upande mara mbili, na alipoulizwa na wageni alisema ndivyo alivyofundishwa chuoni.

Tusidanganyane kwamba baada ya hapo woga ulikwisha. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, na yeye alipenda kuongeza kwamba kwa mgonjwa wa mwoga ndiko kicheko huenda mara nyingi. Maji ya moto aliendelea kuyafungua kila asubuhi mpaka siku aliyostaafu, tarehe 30 Juni 2018. Kilichokwisha ni kuusubiri mlango. Alikuwa ameshatolewa nje mbele ya watu, wakamcheka, kisha wakamwambia arudi kazini kwa sababu mgonjwa anasubiri. Hakukuwa na siri tena ya kulinda. Akapata nafasi ya kumwogopea mgonjwa peke yake, bila kugawana woga huo na nafsi yake, na waliofanya naye kazi wanasema ni hapo ndipo alipokuwa hodari hasa.

Alifundisha wauguzi wengi kazi hiyo. Wa mwisho alikuwa msichana wa miwani minene aliyeitwa Miwani, mpole, aliyezoea kuomba radhi kwa viti alivyovigonga. Sista Rudia alimfundisha kuweka kidole mbele ya sikio, na kusema rudia, na kukubali kuchekwa. Lakini hakuwahi kumwambia habari za woga wake. Alidhani itamvunja moyo. Miwani akakua katika kazi akiamini kwamba mwalimu wake hakuwahi kuogopa kitu duniani, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyeingia kazini kwa bahati mbaya ya watu.

Mwishoni mwa mwaka 2022 marehemu alianza kuumwa tumbo na kupungua mwili. Januari iliyofuata ukaonekana uvimbe kwenye utumbo, ikaamuliwa apasuliwe, hukuhuku, katika hospitali yake. Wa zamu upande wa kichwa alikuwa Miwani.

Asubuhi ya upasuaji Miwani aliingia wodini, akasimama miguuni pa kitanda. Binti wa marehemu alikuwa akimfunga mama yake kitambaa cha kichwa, na ndiye aliyesimulia haya.

"Mama, nimeomba waitwe watu wa rufaa."

"Kwa nini?"

"Mimi siwezi. Siwezi kwako. Mgonjwa mwingine, labda. Wewe utajua."

"Nitajua nini? Nitakuwa nimelala."

Miwani hakucheka. "Utajua kabla hujalala. Utanitazama mikono yangu utajua kwamba sijui kitu. Nimewadanganya wote, wewe sitaweza."

Binti alitazamia mama yake amkaripie, au amtie moyo, amwambie ni mwanafunzi bora aliyepata kumfundisha, jambo ambalo lilikuwa kweli na alilisema mara nyingi pembeni. Mama hakusema lolote kati ya hayo. Alikuwa amelala chali, kitu ambacho hakuwahi kukifanya katika jengo lile, na aliiona dari kama wagonjwa wanavyoiona, na mabomba, na buibui mmoja. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Miwani," akasema, "naogopa."

Msichana akadhani hakusikia vizuri. "Nini, mama?"

"Naogopa sana. Nimeogopa kila siku ya kazi yangu, na zile zote zilikuwa za watu. Hii ni yangu, na sijui kuibeba. Naona baridi. Mikono hii, tazama."

Akaitoa nje ya shuka. Ilikuwa inatetemeka kiasi cha kutikisa mpira wa dripu.

Miwani aliitazama. Kisha, binti anasema, akafanya jambo dogo. Akatoka miguuni pa kitanda, akazunguka, akaenda upande wa kichwa. Akavuta kiti. Akaweka kidole mbele ya sikio la mwalimu wake na akakiacha hapo muda mrefu, na uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu anayesikiliza.

"Mshipa unakwenda mbio," akasema. "Umekunywa kitu tangu jana?"

"Hapana."

"Rudia."

"Sijanywa kitu."

"Nitaongea na wewe mpaka ulale. Ukiamka nitakuwa hapahapa. Kwa baridi nitakuletea blanketi." Akasimama kwenda kulifuata, akagonga kiti, na hakukiomba radhi.

Habari za watu wa rufaa hazikutajwa tena. Upasuaji ulichukua nusu ya siku. Marehemu aliamka, akamwona Miwani ameinama juu yake, akalalamika kwamba koo linamwasha. Baadaye binti alimwuliza kama ilikuwa mbinu, kama alisema vile ili yule msichana apate nguvu. Alichukizwa na swali hilo. "Mbinu gani? Niliogopa kweli. Nilitaka mtu."

Uvimbe ulitolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia kwenye ini. Alipata miezi saba mizuri kiasi, akaketi barazani, akawakagulia wajukuu vitasa vya mlango. Alifariki nyumbani Jumapili asubuhi, tarehe 3 Septemba 2023, mumewe ameshika mkono wake mmoja, binti yake ameshika wa pili. Tunaombwa tusiseme amelala. Hakulipenda neno hilo likitumiwa kwa wafu. Usingizi, alisema, ni kazi ya watu wawili, na mmoja lazima awe macho. Alikufa, na aliogopa kidogo, na hakuwa peke yake.

Ameacha mume wake fundi makufuli, binti mmoja ambaye ni mwalimu wa chekechea, mwana mmoja ambaye ni fundi bomba, wajukuu watano, dada wawili na kaka mmoja, na watu wengi wa mji huu waliolazwa wakaamka mbele ya uso wake, ambao baadhi yao wako hapa leo na hawajui. Ameacha pia Miwani, ambaye hamtamwona kaburini. Alituma salamu asubuhi hii kwamba zamu imekosa mtu, kuna mama mwenye mtoto aliyekaa vibaya, na kwamba anaogopa na hawezi kumwacha. Familia imempokea kana kwamba amekuja.

Mungu amtue mama yetu mzigo aliobeba kwa ajili ya wengine, na ampe pumziko ambalo ndani yake hakuna cha kuogopa.